Kusimamia seva za wingu kwa watoa huduma tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na watu wanaotunza tovuti na mifumo ya wateja: mafundi wa kujitegemea, ofisi ndogo za TEHAMA, na wale walioachiwa seva na fundi aliyehama kazi. Bei na menyu hubadilika kila mara, kwa hiyo thibitisha kwa mtoa huduma mwenyewe kabla hujalipa.

## Misingi

Seva ya wingu ina tofauti gani na hostingi ya kawaida?

Kwenye hostingi ya pamoja unapewa akaunti ndani ya seva inayotumiwa na wateja wengine wengi. Mfumo wa uendeshaji, masasisho, toleo la PHP na barua pepe ni kazi ya kampuni. Kwenye seva ya wingu unapewa mashine pepe nzima, yenye anwani yake ya IP, diski yake na mamlaka yote ya mtumiaji `root`, yaani msimamizi mkuu. Unaiwasha kwa dakika moja, unalipa kwa saa au kwa mwezi, na ukimaliza unaifuta.

Ukishapewa mamlaka hayo, kazi nayo ni yako. Hakuna atakayesasisha mfumo kwa niaba yako, wala atakayeona kuwa diski imejaa usiku wa manane. Kama tovuti ni ya shule, ya kanisa au ya duka dogo na wageni wake ni wa wastani, ibaki kwenye hostingi ya pamoja. Wengi wanaouliza swali hili hawahitaji seva yao wenyewe.

Kwa nini mtu awe na seva kwa watoa huduma zaidi ya mmoja?

Mara nyingi hakupanga. Mteja wa kwanza aliwekwa DigitalOcean, wa pili akaja na akaunti ya AWS (wingu la Amazon) iliyofunguliwa na mtu mwingine, wa tatu alitaka RAM nyingi kwa bei ndogo akapelekwa Hetzner au Contabo. Baada ya muda una konsoli nne, ankara nne na kadi moja.

Sababu za kukusudia nazo zipo: bei, ukaribu na wasomaji, masharti ya sheria, na kutotegemea akaunti moja kwa kila kitu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na kuitimiza hakuhitaji gharama kubwa.

Katika haya yote, nini hasa kisiwe mikononi mwa mtoa huduma wa seva?

Vitu vinne: jina la kikoa, DNS (inayoelekeza jina hilo kwenye seva), nakala rudufu, na barua pepe iliyofungulia akaunti. Kikoa kisajiliwe kwa msajili mwingine, DNS ikae kwingine, nakala ziende kwingine, na barua pepe ya akaunti isiwe ile inayohifadhiwa kwenye seva hiyohiyo. Anayetumia `info@` ya kikoa chake kufungulia akaunti ya seva atajikuta hawezi kupokea msimbo wa kuingilia siku seva inapozimika, yaani siku anapouhitaji.

Ukiwa na hivyo vinne, mtoa huduma yeyote anaweza kuachwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Ukivikosa, huna hata namna ya kujadiliana naye.

Watoa huduma wanafanana kiasi gani?

Ndani ya seva wanafanana sana: Ubuntu, aina ya Linux, ni Ubuntu popote. Karibu wote huandaa seva mpya kwa cloud-init, kwa hiyo faili moja ya maelekezo ya mwanzo, yenye watumiaji, funguo na vifurushi vya kusakinisha, hufanya kazi kwa wengi bila mabadiliko makubwa.

Wanatofautiana nje ya seva: ngome (firewall), malipo ya seva iliyozimwa, poti za barua pepe, jina la mtumiaji wa kwanza. DigitalOcean na Hetzner hukuingiza kama `root`, wakati AWS, kwa taswira (mfumo ulioandaliwa tayari) ya Ubuntu, hutaka uingie kama `ubuntu`. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayokula saa za watu.

## Mahali na gharama

Wateja wangu wako Dar es Salaam na Nairobi. Seva iwe wapi?

Hapa kwetu wengi hujikuta wakichagua kati ya Ulaya na Afrika Kusini. Azure ya Microsoft ilifungua vituo vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, AWS ikaja Cape Town Aprili 2020, Vultr ikafungua Johannesburg mwaka 2022, na Google Cloud ikafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. DigitalOcean haina kituo Afrika, na seva za wingu za Hetzner ziko Ujerumani, Finland, Marekani na Singapore.

Umbali hauondolewi na kichakataji chenye nguvu. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na safari ya kwenda Ulaya kwa kupitia Bahari ya Shamu ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Tarajia zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Johannesburg huwa karibu zaidi, lakini si kila kampuni ya simu hupitisha data moja kwa moja kwenda kusini. Nyingine huipeleka Ulaya kwanza ndipo irudi. Ndiyo maana jibu la kweli hupatikana kwa kupima: washa seva ndogo ya saa moja kila mahali unapopafikiria, kisha tumia `mtr`, amri inayopima njia na muda wake, ukiwa kwenye laini ya simu ya kawaida, jioni, wakati watu wengi wako mtandaoni. Usipime ukiwa ofisini kwenye faiba.

Fikiria pia njia yenyewe kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mapema mwaka huohuo nyaya kadhaa, ikiwemo Seacom, zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Kwa hiyo kuwa na nakala ya seva upande mmoja wa bara na nyingine upande wa pili kuna maana hapa petu kuliko anavyodhani mtu wa Frankfurt.

Kwa tovuti ya habari au blogu, CDN (seva za karibu na wasomaji zinazotunza nakala za kurasa) mbele ya seva itakusaidia kuliko kuhamisha seva. Kwa mfumo wa hospitali au wa mauzo, ambao kila ukurasa hutengenezwa upya, CDN haifui dafu.

Nimezima seva, mbona bado nadaiwa?

Kwa sababu kuzima si kufuta. DigitalOcean, Hetzner na Vultr huendelea kutoza bei kamili ya seva iliyozimwa, kwani RAM na diski bado zimetengwa kwa jina lako. AWS huacha kutoza kichakataji lakini diski na anwani ya IP ya kudumu vinaendelea kuhesabiwa. Azure ina mtego wake: ukizima kwa amri ndani ya seva, kama vile `shutdown`, malipo yanaendelea, lazima uizime kupitia konsoli yao ili rasilimali ziachiliwe.

Kama huihitaji kwa miezi, chukua nakala kamili, ithibitishe, kisha futa seva.

Kwa nini ankara ni kubwa kuliko bei iliyotangazwa?

Anza na data inayotoka. Kuingiza data huwa bure. Kuitoa ndiko kunakolipiwa. AWS hutoa GB 100 za bure kwa mwezi, kisha hutoza takribani dola 0.09 kwa kila GB kwa vituo vya Marekani na Ulaya, na Cape Town ni ghali zaidi. DigitalOcean hutoa kiasi fulani pamoja na seva, na kinachozidi ni dola 0.01 kwa GB. Hetzner hutoa hadi TB 20 kwa seva za Ulaya. Tovuti ya picha au ya sauti inayosambaza TB 2 kwa mwezi inaweza kugharimu zaidi ya dola 170 za data peke yake upande mmoja, na upande mwingine isiongeze hata senti.

Halafu kuna anwani ya IPv4. Tangu Februari 2024 AWS hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma, ambayo ni kama dola 3.65 kwa mwezi. Kwa seva kumi ndogo hilo ni jambo. Ongeza snapshoti (picha za seva nzima) zilizosahaulika, diski za ziada ambazo hazikufutwa pamoja na seva, na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania bara kwa kawaida ni asilimia 18.

Weka tahadhari ya bajeti siku ileile unapofungua akaunti. Lakini elewa inavyofanya kazi: tahadhari ya AWS au Google hukutumia barua pepe tu, haizimi kitu.

Kadi yangu inakataliwa. Nalipaje?

Jaribu mambo haya kwa mpangilio. Piga simu benki wafungue malipo ya mtandaoni kwa fedha za kigeni, maana mara nyingi yamefungwa kwa chaguo-msingi. Hakikisha kuna salio kidogo zaidi ya bei, kwa sababu mtoa huduma hushika kiasi kidogo kuhakiki kadi. Kadi za Visa za mtandaoni za kampuni za simu, mfano M-Pesa GlobalPay iliyoanza Kenya mwaka 2022, hufanya kazi kwa baadhi na hukataliwa na wengine, kwa kuwa si wote wanaokubali kadi za kulipia kabla. DigitalOcean, Vultr na Hetzner hupokea pia PayPal.

Muhimu zaidi: usiunganishe kadi moja na akaunti zote. Kadi ikiisha muda mwezi wa Oktoba, kila mteja wako atazimika wiki ileile.

Seva za bure zinafaa?

Kwa kujifunza, ndiyo. Oracle Cloud ndiyo yenye ukarimu mkubwa, lakini huchukua seva za bure inazoona hazitumiki. Usiweke kazi ya mteja anayelipa.

## Kazi za kila siku

Naweza kuona na kuendesha seva zote mahali pamoja?

Ndiyo, kwa njia tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni paneli ya kulipia inayokaa nje ya seva zako: ServerPilot, RunCloud, Ploi, Laravel Forge. Unaunganisha seva ya mtoa huduma yeyote, nayo inasakinisha Nginx (programu ya kuhudumia kurasa), PHP, kanzidata na vyeti vya HTTPS. Ni njia ya haraka kwa anayetunza WordPress nyingi. Ukiacha kulipa, tovuti huendelea kufanya kazi, lakini unabaki na usanidi ambao hukuuandika na pengine huuelewi.

Ya pili ni paneli unayoisakinisha mwenyewe, kama HestiaCP kwa tovuti za kawaida au Coolify kwa programu za kontena (programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji). Ni bure, ila sasa una mfumo mwingine wa kusasisha na kulinda.

Ya tatu ni kuandika usanidi kama faili. Ansible, programu ya kusanidi seva, huingia kwa SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali) na haihitaji programu ya ziada ya kudumu kwenye seva zaidi ya Python, kwa hiyo haijali seva iko kwa nani. Kuunda seva zenyewe, Terraform au OpenTofu, tawi lililozaliwa baada ya Terraform kubadilisha leseni yake Agosti 2023, huongea na watoa huduma karibu wote. Tahadhari: faili ya Terraform ya DigitalOcean haigeuki kuwa ya AWS kwa kubadilisha jina. Lugha ni moja, rasilimali ni tofauti, utaandika upya.

Kwa seva chini ya tano, ningeacha Terraform na kuanza na Ansible. Konsoli inatosha kuunda seva unazoziunda mara moja kwa mwaka. Kinachokuokoa ni uwezo wa kuchukua seva tupu na kuijenga upya bila kukumbuka chochote.

Nitumie mfumo gani wa uendeshaji?

Mmoja, kila mahali. Ubuntu LTS (toleo linalosasishwa kwa miaka mingi) au Debian. Ubuntu 22.04 ina masasisho ya kawaida hadi 2027, na 24.04 hadi 2029. Wenye CentOS 7 muda wao uliisha Juni 2024. Kama bado unayo, soma sehemu ya kuhama leo.

Mifumo ya kipekee ya mtoa huduma, kama Amazon Linux, si mibaya, lakini inakufundisha vitu ambavyo huwezi kuvitumia kwingine.

Nazipaje seva majina, na kumbukumbu zake niweke wapi?

Ziite kwa kazi yake: `duka-web-1`, `shule-db-1`. Usiingize jina la mtoa huduma, maana utahama na jina litabaki likidanganya.

Kisha weka lahajedwali moja yenye jina la seva, IP, mtoa huduma, mwenye akaunti, kadi inayolipa, mteja, nakala zinakokwenda na tarehe ya mwisho kujaribu kuzirejesha. Wengi hudharau lahajedwali na kununua programu ya ufuatiliaji. Programu itakuambia seva imezimika, haitakuambia kuwa imezimika kwa sababu kadi ni ya mhasibu aliyeacha kazi.

Niingieje kwenye seva nyingi bila kuchanganya nywila?

Usitumie nywila kabisa. Tengeneza ufunguo wa SSH, uwekee fumbo la siri, kisha zima kuingia kwa nywila kwenye kila seva. Faili ya `~/.ssh/config` kwenye kompyuta yako hukuruhusu kuandika `ssh duka-web-1` bila kukumbuka IP wala jina la mtumiaji.

Kila mtu awe na ufunguo wake na jina lake la mtumiaji. Mkitumia ufunguo mmoja timu nzima, huwezi kumwondoa mtu mmoja. Na konsoli ya mtoa huduma iwe na uthibitishaji wa hatua mbili bila mjadala, maana anayeingia konsoli hahitaji ufunguo wako: anaweza kufuta seva kutoka nje.

Seva za watoa huduma tofauti zinaongeaje kwa usalama?

Mtandao wa ndani wa mtoa huduma mmoja hauvuki kwenda kwa mwingine. Tumia WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kila seva inapata anwani ya faragha, na kanzidata inasikiliza anwani hiyo tu. Zikiwa zaidi ya nne au tano, Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, inapunguza kazi ya kusambaza funguo.

Kuhusu kasi ya mawasiliano hayo, tazama swali la kanzidata katika sehemu ya mwisho.

Usanidi ni uleule, lakini kwa mtoa huduma mpya tovuti haifunguki. Kwa nini?

Kagua ngome mbili, si moja. Kuna ya nje, inayosimamiwa kwenye konsoli, na ya ndani ya seva.

AWS hufunga kila kitu kinachoingia mpaka ufungue mwenyewe kwenye kundi la usalama. DigitalOcean na Hetzner, usipounda ngome, huacha poti zote wazi. Oracle inachanganya zaidi: hata ukifungua poti 80 na 443 kwenye konsoli, taswira yao ya Ubuntu inakuja na kanuni za iptables, ngome ya Linux, zinazozuia ndani. Watu hupoteza siku nzima hapo.

Kinyume chake ndicho kinachotisha. Docker, programu ya kuendesha kontena, huandika kanuni zake za iptables, na poti unayoichapisha kwa `-p 3306:3306` hupita juu ya `ufw`, ngome ya ndani ya Ubuntu. `ufw status` itakuonyesha poti imefungwa, kumbe MySQL iko hadharani. Andika `127.0.0.1:3306:3306`, au tumia ngome ya nje ya mtoa huduma, ambayo Docker haiwezi kuigusa.

Tovuti inafanya kazi lakini barua pepe hazitoki.

Poti 25 imefungwa kwa karibu kila mtoa huduma mkubwa ili kuzuia barua taka. Google Cloud na AWS huifunga, Hetzner hufunga 25 na 465 kwa akaunti mpya, na DigitalOcean hufunga hata 587. Baadhi hufungua ukiomba, baada ya kulipa ankara ya kwanza.

Usipigane nao. Tuma kupitia huduma ya barua pepe kwa API au kwa poti 2525, kisha weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua ni zako. IP mpya ya seva ya bei nafuu mara nyingi ina sifa mbaya iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia.

## Nakala rudufu

Snapshoti za mtoa huduma hazitoshi?

Zinatosha kwa jambo moja: kurudi nyuma haraka baada ya sasisho lililoharibu kitu. Hazitoshi kama nakala rudufu, kwa sababu zinakaa ndani ya akaunti ileile. Akaunti ikifungwa, ikidukuliwa au ikikosa malipo, seva na snapshoti zinaondoka pamoja. Na kwa kawaida huwezi kupakua snapshoti ya mtoa huduma mmoja na kuiwasha kwa mwingine.

Mifano ya hadharani inajitosheleza. Juni 2014 mdukuzi aliingia konsoli ya AWS ya kampuni ya Code Spaces, akafuta seva na nakala zilizokuwa humohumo, na kampuni ikafunga biashara. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya seva ya OVH mjini Strasbourg, na waliokuwa na nakala jengo hilohilo walipoteza vyote. Mei 2024 mazingira ya mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, yalifutwa kwenye Google Cloud kutokana na kosa la usanidi upande wa mtoa huduma. UniSuper walikuwa wamesambaza data katika maeneo mawili, na yote mawili yalifutwa. Nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia kuurudisha mfumo.

Basi nakala ziende wapi, na kwa njia gani?

Kwa kampuni nyingine, nchi nyingine, kadi nyingine ikiwezekana. Programu kama restic au Borg husimba data kabla haijatoka kwenye seva na kutuma mabadiliko tu. restic inaweza kutuma moja kwa moja kwenye hifadhi zinazofuata mtindo wa S3 (hifadhi ya faili ya AWS), kama Backblaze B2, Wasabi au Cloudflare R2. R2 haitozi data inayotoka, jambo lenye thamani siku ya kurejesha.

Kanzidata isinakiliwe kama faili wakati inatumika. Toa kwanza kwa `mysqldump --single-transaction` au `pg_dump`, ndipo restic ichukue matokeo. Na ufunguo unaoandika nakala usiwe na ruhusa ya kuzifuta, ili aliyevamia seva asiweze kufuta historia yake. Nywila ya restic ihifadhiwe nje ya seva. Bila hiyo nakala hazifunguki, hata kwako.

Nitajuaje kama nakala zinafanya kazi?

Kwa kuzirejesha kwenye seva nyingine. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab alifuta kanzidata hai kimakosa, na kampuni ikagundua kuwa njia zao kadhaa za nakala hazikuwa zikifanya kazi au hazikuwa zimewekwa sawa. Walipona kwa snapshoti ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa bahati.

Kila robo mwaka washa seva ya saa mbili kwa mtoa huduma ambaye humtumii sana, rejesha, fungua tovuti, futa. Gharama ni senti. Na utakuwa umejaribu kuhama papo hapo.

## Kuhama

Nahamishaje tovuti bila wageni kugundua?

Siku moja kabla, punguza TTL (muda ambao jibu la DNS hukumbukwa) ya rekodi za DNS hadi sekunde 300. Jenga seva mpya, hamisha faili kwa `rsync` wakati ya zamani inaendelea. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na uhakiki wa kawaida hutaka kikoa kiwe tayari kinaelekea kwenye seva mpya. Kwa hiyo nakili saraka ya `/etc/letsencrypt` kwanza, au tumia uhakiki wa DNS.

Ijaribu kwa kuweka IP mpya kwenye faili ya `hosts` ya kompyuta yako. Ingia, nunua kitu, tuma fomu. Ikikubali, weka tovuti ya zamani katika hali ya matengenezo, toa kanzidata mara ya mwisho, rudia `rsync`, badilisha DNS. Dirisha hilo huwa dakika chache kwa tovuti ndogo. Hatua inayorukwa na wengi ni hiyo ya matengenezo: bila kuisimamisha tovuti ya zamani, oda zitaingia kwenye kanzidata mbili na kuziunganisha ni kazi ya mkono.

Acha seva ya zamani iwake kwa wiki. Kuna kampuni za intaneti zisizoheshimu TTL, na kuna kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) ulizozisahau.

Kuna ada ya kuondoka?

Unalipa data inayotoka kama kawaida (angalia swali la ankara). Mwaka 2024 Google, AWS na Microsoft walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohamisha data yao kuondoka, kwa masharti ya kuomba kwanza. Omba kabla hujaanza kunakili.

Seva mpya ni ya ARM, kichakataji cha aina tofauti na x86 iliyozoeleka. Kutakuwa na shida?

PHP, Python, Nginx na PostgreSQL havina neno. Shida iko kwenye kontena zilizojengwa kwa x86 pekee na programu za kibiashara zisizo na toleo la ARM. Ujumbe wa `exec format error` maana yake ndiyo hiyo. Snapshoti ya x86 haiwaki kwenye ARM hata kwa mtoa huduma yuleyule.

Naweza kupunguza ukubwa wa seva baadaye?

RAM na vichakataji, ndiyo. Diski, kwa kawaida hapana: ikishapanuliwa hairudi. Unapopanda daraja kwa muda, chagua kupanua RAM na CPU peke yake.

## Hali zisizo za kawaida

Mtoa huduma amesimamisha akaunti yangu. Nifanye nini?

Jibu tiketi kwa adabu, kwa maelezo mafupi na ushahidi. Sababu za kawaida ni malipo yaliyokataliwa, tovuti iliyodukuliwa na kutuma barua taka, au mfumo wao kushuku kadi na nchi kutolingana. Wakati unasubiri, usisubiri: washa seva kwingine, rejesha nakala, badilisha DNS. Kama DNS nayo iko kwenye akaunti iliyosimamishwa, ingia kwa msajili wa kikoa na ubadilishe seva za majina.

Mteja hana akaunti; fundi wa zamani alifungua kila kitu kwa jina lake.

Anza na kikoa, si seva. Kila kikoa cha nchi kina msimamizi wake; kwa `.ke` ni KeNIC. Mwenye kikoa aliyeandikishwa ndiye mwenye haki, kwa hiyo angalia jina gani limeandikwa. Kisha mteja afungue akaunti yake ya seva, wewe uingizwe kama mwanatimu. Seva haihamishwi kwa kupeana nywila. Hamia mpya kwa hatua za sehemu iliyotangulia. Kwenye ile ya zamani huwezi kujua funguo za nani zimebaki.

Sheria inaniruhusu kuweka data za wateja nje ya nchi?

Inategemea nchi na aina ya data. Kenya na Uganda zina sheria za mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zote zinaweka masharti juu ya kusafirisha data nje. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 ni kali zaidi: data binafsi zihifadhiwe nchini isipokuwa una idhini. Kumbuka kwamba nakala rudufu iliyoko Ulaya nayo ni data iliyosafirishwa. Kwa taarifa za afya au za fedha, muulize mwanasheria kabla ya kuchagua kituo.

Tovuti ikae kwa mtoa huduma mmoja na kanzidata kwa mwingine, itakuwaje?

Itafanya kazi na itakuwa nzito. Ukurasa wa WordPress wenye maswali 40 kwa kanzidata, kila moja likisafiri milisekunde 120, unamaliza karibu sekunde tano kabla haujachora kitu. Kama lazima, chagua vituo vya mji mmoja, mfano wote Frankfurt, na upime.

Vipi kuhusu kubadilisha mtoa huduma kiotomatiki mmoja akizimika?

Kwa tovuti isiyoandika data, ni rahisi: seva mbili, DNS yenye ukaguzi wa afya, basi. Kwa mfumo unaoandika, lazima kanzidata inakiliwe muda wote na uamue nani mkuu kiungo kikikatika. Pande zote mbili zikijiona wakuu, zitapokea oda tofauti kwa wakati mmoja, na uharibifu huo ni mbaya kuliko kuzimika kwa saa mbili.

Kwa biashara nyingi ndogo ningeweka nakala ya kanzidata inayofuata ile kuu kwa mtoa huduma wa pili, hati fupi ya hatua za kuigeuza kuwa kuu, na mtu wa zamu mwenye funguo. Uamuzi wa kugeuza aufanye mtu, baada ya kuhakikisha kwa laini mbili tofauti kwamba seva imezimika kweli na si intaneti ya ofisini iliyokatika.